HEKALU LILILOCHOMWA: Somo juu ya tiatri ya Kikantoni na hadithi za kung-fu



Katika internati watu wanabishana sana juu ya filme za kung-fu. Mmoja anasema: "Ile mambo ya Shaolin iko ya kweli, niliiona na macho yangu mu filme." Mwingine anajibu: "Wewe, ile yote ni bongo tu." Kisha kila mmoja anakwenda kulala na wazo lake, na hakuna aliyejifunza kitu. Ndiyo sababu ya somo hili. Tutachukua hadithi moja tu, ile ya hekalu la Shaolin la kusini lililochomwa moto. Tutaifuata namna ilivyochezwa jukwaani na waigizaji wa Kikantoni, na namna ilivyotoka jukwaani ikaingia vitani. Ku mwisho tutaweza kumjibu yule wa kwanza na yule wa pili, kwani wote wawili wamejibu upesi mno.

Neno moja kwanza. Huku kwetu kila mchezo wa mikono na miguu tunauita karate. Karate ni ya Okinawa, kule Japani. Kung-fu ni ya China, na ile tutakayosema hapa ni ya China ya kusini, jimbo la Guangdong, ambako watu wanasema Kikantoni. Miji mitatu mutaikuta mara kwa mara: Guangzhou, Foshan na Hong Kong. Tena, kwa Wachina jina la ukoo linatangulia. Wong Wah-bo ni mtu wa ukoo wa Wong.

1. HADITHI YENYEWE

Tangu mwaka wa 1644 hadi 1912 China ilitawaliwa na ukoo wa Qing. Hao walikuwa Wamanchu, watu wa kaskazini. Wachina wengi wa kusini waliwahesabu kuwa wageni, wakaendelea kuukumbuka ukoo wa Ming uliowatangulia.

Basi, hadithi inasema ya kwamba katika jimbo la Fujian kulikuwa na hekalu la Shaolin, na watawa wake walikuwa hodari katika kupigana. Serikali ya Qing ikawaogopa. Askari wakaja, msaliti akawafungulia njia, hekalu likachomwa. Wazee watano wakaokoka wakatawanyika. Kati yao kulikuwa mtawa mwanaume, Jee Shim, na mtawa mwanamke, Ng Mui.

Jee Shim akajificha katika mashua ya waigizaji wa tiatri, akajifanya mpishi. Humo akamfundisha mtu mmoja, Leung Yee-tai, kupigana na mti mrefu. Leung Yee-tai alikuwa mtu wa upondo, ndiye aliyeisukuma mashua mtoni, kwa hiyo mti ulikuwa tayari mkononi mwake kila siku.

Ng Mui naye akakimbilia mlimani. Siku moja akaona korongo anapigana na nyoka. Akatazama namna korongo anavyojikinga na bawa na kupiga na mdomo kwa wakati uleule, akatunga mchezo mpya ambao mtu mdogo anaweza kumshinda mtu mkubwa. Akamfundisha msichana mmoja, Yim Wing-chun, ambaye mtu mjeuri alitaka kumuoa kwa nguvu. Msichana akamshinda mjeuri yule mbele ya watu, akaolewa na mchumba wake wa kweli, Leung Bok-chau, kisha akamfundisha mume wake. Mchezo ukaitwa kwa jina la mwanamke huyo: Wing Chun.

Nyuma ya hapo mchezo ukafika kwa Wong Wah-bo, mwigizaji wa mashua. Wong akamfundisha Leung Yee-tai mchezo wa mikono, na Leung akamfundisha Wong mchezo wa mti. Kisha ukafika kwa Leung Jan, mganga wa mji wa Foshan.

Tazameni jambo moja: njia mbili za hadithi, ya mtawa mwanaume na ya mtawa mwanamke, zinakutana mahali pamoja, ndani ya mashua ya waigizaji. Tuwatazame basi watu hao.

2. TIATRI YA KIKANTONI NI YA NAMNA GANI

Kwa Kichina inaitwa Yueju, na Wazungu wanaiita opera. Ndani yake mtu mmoja anapaswa kuimba, kusema, kutembea kwa mwendo uliopangwa, na kupigana. Hakuna kuchagua moja na kuacha mengine.

Jukwaa la zamani lilikuwa tupu. Meza moja na viti viwili vilitosha. Meza ilikuwa meza ya jaji, kisha ikawa mlima, kisha ikawa ukuta wa mji. Mwigizaji akishika kiboko chenye vishada, watu wote wanajua amepanda farasi. Askari wanne wakizunguka jukwaa, hao ni jeshi la maelfu. Mtazamaji anaombwa kutia akili yake kazini, na anafanya hivyo kwa furaha.

Mavazi nayo yanasema. Jemadari anavaa bendera nne mgongoni na manyoya mawili marefu ya ndege kichwani. Uso uliopakwa rangi nyekundu ni wa mtu mwaminifu, mweupe ni wa mtu mwenye hila, mweusi ni wa mtu mnyofu asiyependelea. Kuna sehemu ya kijana mpiganaji, na kuna sehemu ya mwanamke mpiganaji, mwenye mkuki na kofia ya vita.

Sasa, kupigana kwenyewe. Waigizaji wa Guangdong walikuwa na namna yao, iliyoitwa namna ya kusini: ngumi zenyewe za kung-fu ya kwao, mti mrefu, na kuruka toka juu ya meza zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Juu ya jukwaa pigo halimfikii mwenzako. Linasimama karibu sana na mwili wake, na yeye anaanguka kwa wakati ule ule ambao upatu na matoazi yanalia. Anayeongoza yote ni mpigaji wa ngoma na kibao cha mti. Akichelewa kidogo, mkuki unafika mahali ambapo shingo ya mwenzako ingali bado. Ndiyo maana watoto walianza kujifunza wangali wadogo, na Wachina wana msemo ya kwamba dakika moja jukwaani inahitaji miaka kumi nyuma ya jukwaa.

Mambo mawili zaidi. La kwanza: kwa muda mrefu wanaume na wanawake hawakuruhusiwa kucheza pamoja katika kundi moja. Hong Kong iliruhusu mwaka wa 1933 tu. Kwa hiyo katika mashua za zamani mwanamke mpiganaji alichezwa na mwanaume aliyejipaka uso na kuimba kwa sauti nyembamba. Baadaye mambo yaligeuka hata kwa upande mwingine: Yam Kim-fai, aliyekuwa mwanamke, alipata sifa kubwa kwa kucheza sehemu za wanaume.

La pili ni lugha. Zamani waigizaji hawakuimba Kikantoni cha nyumbani, waliimba lugha ya jukwaa iliyofanana na lugha ya maofisa wa serikali. Mwanzoni mwa karne ya 20 makundi mapya yalianza kutumia Kikantoni, kwa sababu yalitaka kueneza mawazo ya kugeuza nchi, na mama muuza mboga hawezi kugeuza nchi kwa maneno asiyoyasikia. Sisi tunaocheza tiatri ya shule kwa Kifaransa mbele ya wazazi wetu, tulifikiri jambo hilo.

3. MASHUA NYEKUNDU

Guangdong ni nchi ya mito. Mto wa Lulu unagawanyika kuwa mikono mingi kabla ya kufika baharini, na mbele ya kuwa na barabara nzuri watu walisafiri kwa maji. Makundi ya waigizaji yalikuwa na mashua zao zilizopakwa rangi nyekundu, ndiyo maana ziliitwa Mashua Nyekundu. Kundi moja lilisafiri kwa mashua mbili, moja iliitwa mashua ya mbingu, nyingine mashua ya nchi. Humo walilala, walipika, walitunza mavazi, walijizoeza.

Walipofika kijijini, jukwaa lilikuwa tayari, limejengwa kwa mianzi na mikeka, bila misumari, mianzi imefungwa tu kwa kamba. Nyuma ya sikukuu linafunguliwa na mianzi inakwenda kutumika mahali pengine. Majukwaa ya namna hiyo yanajengwa mpaka leo Hong Kong. Mara nyingi lilijengwa mbele ya hekalu la kijiji, kwani kwa imani yao mchezo ulitolewa kwa miungu kwanza, na watu walitazama pamoja nayo. Mlinzi wa waigizaji kwa imani hiyo aliitwa Wah Kwong, mungu wa moto. Sisi hatuna imani hiyo, lakini tunaweza kufahamu kwa nini watu wanaolala katika mashua za mbao na kucheza katika nyumba za mianzi waliuogopa moto kuliko vyote.

Waigizaji hao walipendwa jukwaani na kudharauliwa njiani. Kwa sheria za China ya zamani, mwigizaji alihesabiwa kati ya watu wa chini kabisa. Hakuweza kuingia katika mitihani ya serikali, ile mitihani iliyofungua mlango wa kazi ya heshima. Fikirini mtu anayevaa taji la mfalme kila usiku, na asubuhi haruhusiwi hata kuketi katika darasa la mtihani. Fikirini vilevile mambo anayoyajua: anajua mito yote, anajulikana katika kila kijiji, anajua kupigana, tena anajua kusema mbele ya watu elfu. Serikali ingepaswa kumwangalia mtu wa namna hiyo vizuri.

Chama chao kilikuwa na nyumba kubwa mjini Foshan, iliyoitwa nyumba ya Qionghua. Hapo ndipo makundi yalipangwa, mikataba iliandikwa, na ugomvi uliamuliwa.

4. MWAKA WA 1854

Katika miaka ile serikali ya Qing ilikuwa imeyumba. Ilishindwa na Waingereza katika vita vya afyuni, 1839 hadi 1842. Mwaka wa 1850 vita vikubwa vya Taiping vilianza katika jimbo la jirani, Guangxi. Kodi zilipanda, na watu wengi hawakuwa na kazi. Na katika miji na mito ya kusini kulikuwa na chama cha siri kilichoitwa Chama cha Mbingu na Nchi.

Shikeni sana jambo hili: chama hicho kilikuwa na hadithi yake ya mwanzo, na hadithi hiyo ilikuwa ile ya hekalu la Shaolin lililochomwa. Mtu aliyeingia katika chama alipitishwa katika sherehe ya usiku iliyofanana na mchezo wa tiatri. Alipita chini ya panga, akajibu maswali kwa maneno yaliyopangwa, akasimuliwa namna watawa waaminifu walivyosalitiwa, akaapa kulipiza kisasi na kuurudisha ukoo wa Ming. Alipotoka, ile hadithi haikuwa tena ya watu wa zamani. Ilikuwa yake.

Mwaka wa 1854 chama kikaasi. Foshan iliangukia mikononi mwao, na karibu na Guangzhou mmoja wa viongozi alikuwa Li Wenmao. Huyo alikuwa mwigizaji wa tiatri ya Kikantoni. Aliwapanga waigizaji wenzake kuwa jeshi: wachezaji wa sehemu za vita, warukaji, watu wa mti mrefu. Walijifunga vilemba vyekundu, na waliingia vitani wamevaa mavazi ya jukwaani, yale ya majemadari na mawaziri. Wakauzunguka mji wa Guangzhou kwa miezi kadhaa.

Hawakuushinda. Mwaka wa 1855 walirudi nyuma hadi Guangxi, wakatangaza ufalme wao, na Li Wenmao akapewa cheo cha mfalme. Mtu aliyecheza sehemu za wakuu jukwaani akawa mfalme mbele ya watu wa kweli, wenye njaa ya kweli. Alikufa mwaka wa 1858.

Waliobaki nyuma ndio waliolipa. Serikali iliwaua makumi ya maelfu ya watu katika Guangdong, wengi wao kwa kudhaniwa tu. Nyumba ya Qionghua ikaharibiwa. Tiatri ya Kikantoni ikakatazwa, na katazo hilo likadumu zaidi ya miaka kumi. Waigizaji waliookoka walijificha katika makundi ya majimbo mengine, ao walicheza na kusema ya kwamba mchezo wao ni wa Pekin. Mwishoni mwa karne ya 19 ndipo walipojenga tena nyumba ya chama chao, safari hii mjini Guangzhou.

Sasa linganisheni. Hadithi inasema: hekalu la wapiganaji lilichomwa na Qing, waliookoka wakatawanyika wakajificha. Historia inasema: nyumba ya waigizaji wapiganaji iliharibiwa na Qing, waliookoka wakatawanyika wakajificha. Mtu wa Foshan aliyezaliwa nyuma ya mwaka wa 1855, akisikia habari ya hekalu, alikumbuka moto gani? Nadhani hakuhitaji kwenda mbali kuutafuta.

5. JE, HEKALU LILICHOMWA KWELI?

Tunafika penye mabishano ya internati. Kwa kupima hadithi, kuna maswali matatu. Kila mwanafunzi ayaandike katika kayee yake:

a) Nani anasimulia?
b) Alianza kusimulia lini, na jambo lenyewe ni la lini?
c) Hadithi hiyo inamsaidia nani, na kwa kufanya nini?

Tuanze. Nani anasimulia? Hakuna andiko la serikali ya Qing la wakati ule linaloeleza kuchomwa kwa hekalu la Shaolin huko Fujian. Miji mitatu ya Fujian, yaani Quanzhou, Putian na Fuqing, kila mmoja unadai hekalu lilikuwa kwake. Mahali kitu kimoja kinapodaiwa na watu watatu, tusimame kidogo. Wa kwanza tunaowasikia wakisimulia ni wale wa Chama cha Mbingu na Nchi, katika karatasi zao zilizokamatwa na maofisa mwanzoni mwa miaka ya 1800. Wataalamu waliosoma kumbukumbu za serikali wameona ya kwamba chama chenyewe kilianza Fujian karibu mwaka wa 1761, nacho kilianza kama chama cha watu maskini wa kusaidiana. Habari ya hekalu iliongezwa baadaye.

Lini? Mwaka wa 1893 kilichapwa kitabu cha hadithi juu ya safari za Kaizari Qianlong, na humo Jee Shim na Ng Mui wanatokea. Lakini, ndugu zangu, katika kitabu hicho Ng Mui yuko upande wa adui wa Shaolin! Watu wa Shaolin ndio wanaoshindwa, na serikali ndiyo yenye haki. Baadaye, ukoo wa Qing ulipokwisha kuanguka, waandishi wa Guangdong waliigeuza hadithi, wakawafanya watu wa Shaolin kuwa mashujaa. Na habari ya Yim Wing-chun tunayoijua zaidi ni ile iliyoandikwa na mwalimu Ip Man, aliyezaliwa Foshan mwaka wa 1893 na kufa Hong Kong mwaka wa 1972. Hadithi inayogeuka upande kwa kufuata serikali iliyopo haiwezi kuwa picha ya jambo lililoonekana kwa macho.

Inamsaidia nani? Chama cha siri kiliihitaji ili kuwafunga watu kwa kiapo. Walimu wa kung-fu waliihitaji ili wanafunzi waone ya kwamba mchezo wao una mizizi. Waigizaji waliihitaji kwa heshima: watu waliohesabiwa kuwa wa chini wakawa warithi wa watawa mashujaa.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Hekalu la Shaolin la kaskazini, katika jimbo la Henan, ni la kweli, nalo lilianzishwa mwaka wa 495. Nalo lilichomwa kweli, vibaya sana, lakini mwaka wa 1928, na jemadari Mchina, wakati ukoo wa Qing ulikwisha kuanguka. Moto wa kweli upo, lakini mahali pengine, siku nyingine, na kwa mkono wa mtu mwingine.

Basi jibu ni hili. Kuchomwa kwa hekalu la kusini hakuna ushahidi wa kutosha, na hatuwezi kulifundisha kama historia. Lakini aliyesema "yote ni bongo" naye hakushinda. Mashua Nyekundu zilikuwako. Mti mrefu na ngumi za kusini vilikuwa jukwaani. Li Wenmao alikuwako, na waliokufa walikuwako. Hadithi haituambii mambo yaliyotokea katika hekalu. Inatuambia namna watu wa kusini walivyoyaona maisha yao: kutawaliwa na mgeni, kuuzwa na ndugu, na kushika kitu kimoja kidogo ambacho hawakunyang'anywa, yaani ujuzi wa mikono yao.

6. TOKA MASHUANI HADI SINEMA

Mashua Nyekundu ziliendelea mpaka miaka ya 1930, wakati vita na Japani vilipofika kusini. Waigizaji wengi walikimbilia Hong Kong, na huko sinema iliwapokea.

Mwaka wa 1949 mwigizaji wa tiatri ya Kikantoni, Kwan Tak-hing, alianza kucheza katika filme sehemu ya Wong Fei-hung, mganga na mpiganaji wa kweli wa Foshan. Alirudia sehemu hiyo katika filme zaidi ya 70. Filme zile ziliingiza ngumi za kusini katika sinema.

Na yule mwenye picha katika chumba cha kila kijana? Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940. Kwa nini Marekani? Kwa sababu baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mchekeshaji wa tiatri ya Kikantoni, na alikuwa huko na kundi lake kuwachezea Wachina wa ng'ambo. Mtoto alikulia Hong Kong, akajifunza Wing Chun kwa Ip Man katika miaka ya 1950. Alikufa Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Kwa hiyo, tunapotazama filme zake, tunatazama mtoto wa mwigizaji, anayetumia mchezo ambao hadithi yake inapita katika mashua ya waigizaji.

Tiatri yenyewe haijafa. Mwaka wa 2009 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia nzima. Mwaka wa 2019 Hong Kong ilifungua nyumba mpya kubwa ya tiatri za Kichina, Xiqu Centre. Na mwaka wa 2022 kundi la mji wa Shenzhen lilitoa mchezo wa kucheza ngoma unaoitwa Wing Chun, juu ya Ip Man na juu ya watu wanaotengeneza filme yake, mchezo ambao umekwenda hata Ulaya. Hadithi inaendelea kutembea, na kila kizazi kinaivika nguo mpya.

7. FAIDA KWETU

Neno la kwanza ni la nidhamu, na munalitazamia kwa kapita. Kijana anayempiga mdogo wake katika internati akisema "najizoeza kung-fu" hajui kung-fu ni nini. Ujuzi wa jukwaani ni kusimamisha mkono. Kila mtu anaweza kupiga, lakini anayejua kusimamisha ngumi mbele ya pua ya mwenzake, bila kumgusa, huyo amefundishwa.

Neno la pili ni kubwa zaidi. Waliokuja mbele yetu walikuwa na hadithi zao, nasi tunazipokea usiku kwa wazee. Jan Vansina, mtaalamu Mbelgiji, alianza mwaka wa 1953 kukaa katika nchi ya Wakuba, Kasai, akaandika kitabu mwaka wa 1961 kuonyesha ya kwamba maneno ya mdomo yanaweza kuwa ushahidi wa historia, lakini kwa kupimwa. Wazee wetu wanastahili kupimwa hivyo, kwa heshima, kama tunavyoyapima maandishi ya Wazungu.

Tusicheze na jambo hili. Kule Guangdong hadithi ya kisasi iliwatia watu nguvu ya kusimama, na ni kweli walikuwa na sababu: njaa, kodi, dharau. Lakini hadithi hiyohiyo iliwapeleka wengi kufa juu ya hekalu ambalo labda halikuwako. Na huku kwetu munajua namna maneno haya machache, "babu zao waliwafanyia babu zetu hivi", yanavyoweza kuchoma kijiji kabla ya mtu mmoja kuuliza: nani amesema, ni ya lini, na inamsaidia nani? Mtu anayeuliza maswali hayo mbele ya wenzake wenye hasira anahitaji moyo mkubwa kuliko Bruce Lee.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini serikali ya Qing iliikataza tiatri ya Kikantoni? Toa sababu mbili.
2. Eleza namna meza moja inavyoweza kuwa vitu vitatu jukwaani. Sisi tungefanya nini na viti vya darasa?
3. Katika kitabu cha 1893 Ng Mui yuko upande gani? Jambo hilo linatufundisha nini juu ya hadithi?
4. Kazi ya likizo: uliza mzee mmoja wa kwenu hadithi ya mwanzo wa kijiji chenu. Iandike sawa alivyoisema. Kisha, ku ukurasa wa pili, jibu yale maswali matatu. Komite ya tiatri itachagua moja, na tutaicheza mwisho wa mwaka, meza moja na viti viwili.

Kapita wa shule, finalisti wa darasa la sita